Bahari Nyuma ya Nyumba za Halmashauri

Wanaokwenda Dudley mara nyingi huifuata bustani ya wanyama, ile iliyojengwa kuzunguka ngome ya kale juu ya kilima. Sisi tuliposhuka kwenye basi la kutoka Birmingham tuliipa ngome mgongo, tukapita kando ya magofu ya nyumba ya watawa, tukaingia mitaa ya nyumba za halmashauri: matofali mekundu, mapipa ya taka mlangoni, mbwa anayebweka nyuma ya uzio. Mtaa ulipoishia ikaanza miti. Hapakuwa na dirisha la tiketi wala mlinzi wa kuuliza mnakwenda wapi. Kibao tu, njia ya matope, na harufu kali ya vitunguu saumu mwitu vilivyotanda chini ya miti.

"Ndiyo hapa?" shemeji aliuliza. Amemwoa dada yangu, wanaishi Birmingham miaka mingi, na Dudley ameipita mara zisizo na idadi akiendesha lori. Wren's Nest hakuwahi kupasikia. Simlaumu. Kilima kimezungukwa na nyumba, na ukiwa barabarani huoni zaidi ya kichaka.

Kichaka hicho kilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1956, cha kwanza Uingereza kuhifadhiwa kwa sababu ya miamba yake. Miamba yenyewe ni chokaa iliyojijenga kwenye sakafu ya bahari yapata miaka milioni 428 iliyopita, katika kipindi ambacho wanajiolojia wanakiita Siluri. Zaidi ya aina 700 za visukuku zimepatikana humu, nyingi kati ya hizo zikielezwa kwa mara ya kwanza kutokana na mawe ya hapahapa, na zaidi ya 80 hazijaonekana penginepo duniani. Mashimo ya mawe yenye utajiri wa namna hiyo nilitarajia kuyakuta jangwani au ukingoni mwa korongo, si mahali ambapo mtu anapita na mfuko wa mkate kukatiza kwenda kwake.

Siku iliyotangulia tulikuwa Lapworth, makumbusho ya jiolojia ya Chuo Kikuu cha Birmingham, ambako kuingia ni bure. Huko nyota ni trilobaiti. Calymene blumenbachii ni mnyama wa vipingili, ukubwa wake hauzidi sana kidole gumba, mwenye ngao kichwani na mgongo uliogawanyika sehemu tatu kwa urefu. Akitishwa alijikunja kama jongoo, na wengi wamekutwa hivyohivyo, wamejikunja hadi leo. Wachimba chokaa wa zamani walimwita mdudu wa Dudley, wakamwuza kwa mabwana waliokuwa na fedha na muda wa kukusanya mawe. Wengine walifungwa kwenye dhahabu wakawa pini za vifuani mwa wanawake, na mji ukamweka mdudu huyo kwenye nembo yake.

Ni mnyama mzuri, sikatai. Lakini nilivyozidi kuzunguka kwenye makabati yale ndivyo nilivyoona kwamba amepewa sifa kuliko kazi yake. Kilima hakikujengwa na trilobaiti. Kilijengwa na viumbe wasio na uso, ambao walishika mahali pamoja maisha yao yote, wakafa papo hapo, na wengine wakajenga juu ya mifupa yao. Kabatini kila mmoja amelala peke yake na karatasi yake ya jina. Mimi ni mtoto wa Mikindani. Nimekulia kwenye mwamba ambao maji yakipwa tulikwenda kuchokoa pweza, na najua kwamba mwambani hakuna anayekaa peke yake. Nilitaka kuwaona mtaani kwao.

Njia ya Wren's Nest inapanda kidogo kisha inafuata ukingo wa handaki refu lenye kuta wima. Chokaa nzuri ya kilima hiki iko katika matabaka mawili, la chini na la juu, na kati yake kuna mwamba wa madongemadonge uliochanganyika na udongo, ambao haukumfaa mtu. Wachimbaji walitoa matabaka mawili yenye faida, wakaliacha la katikati limesimama. Kwa hiyo unapotembea leo unatembea juu ya kile walichokikataa. Walipomaliza chokaa iliyo wazi waliingia chini ya ardhi, wakiacha nguzo za mwamba zishikilie dari. Pango lao linaloitwa Seven Sisters sasa limezungushiwa uzio, kwa sababu dari hizo hazina tena wa kuziamini, na wapangaji waliobaki ni popo.

Chokaa yote hiyo ilikwenda kwenye matanuri ya chuma. Mawe ya chuma hayayeyuki yakatoa chuma safi. Lazima utie chokaa inyakue uchafu, ndipo mavi ya chuma yaelee juu na kuondolewa. Eneo hili lilikuwa na makaa ya mawe, mawe ya chuma na chokaa ndani ya mwendo wa mguu, na moshi wake unasemekana kulipa jina la Nchi Nyeusi. Abraham Darby, ambaye mwaka 1709 alifanikiwa kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyookwa badala ya mkaa wa miti, alizaliwa karibu na kilima hiki mwaka 1678. Sehemu ya chuma kilichoisukuma Uingereza kwenda kuitawala dunia ilisafishwa kwa mifupa ya wanyama wa baharini. Shemeji alipenda habari hiyo kuliko zote.

Mimi nilikumbuka matanuri mengine. Kwetu Mikindani matumbawe yalivunjwa majini yakiwa hai, yakaanikwa, yakapangwa juu ya magogo yakachomwa usiku kucha hadi yakawa chokaa ya kujengea na kupaka kuta. Kazi hiyo ilikula mwamba haraka kuliko mwamba ulivyoweza kukua, na sasa hairuhusiwi. Kemia ni ileile ya Dudley: mnyama anachota chokaa kwenye maji, anajijengea nyumba, binadamu anaitia motoni. Tofauti ni kwamba wa Dudley walichoma mwamba ambao wenyewe walikuwa wamekwisha kufa.

Kuna mtu mmoja ambaye huwezi kupita Wren's Nest bila kumtaja. Roderick Murchison, askari wa Uskoti aliyeacha jeshi, akawinda mbweha, akachoka, akageukia miamba, ndiye aliyekipa kipindi hiki jina mwaka 1835. Alilitoa kwa Wasiluri, kabila lililoishi Wales ya kusini na kupambana na Warumi. Miaka minne baadaye alichapisha kitabu kikubwa, The Silurian System, ambamo visukuku vya Dudley vimejaa tele. Mwaka 1849 wanasayansi waliokuwa na mkutano Birmingham walikuja hapa, mapango yakawashwa taa, na umati ukamshangilia Murchison kuwa mfalme wa Siluria. Mfalme wa nchi ambayo raia wake wote walikuwa mawe, basi hakuwa na wa kumpinga.

Jina lake msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuwa analijua bila kujua. Ni huyuhuyu wa Maporomoko ya Murchison kule Uganda. Ndiye aliyekuwa rais wa Jumuiya ya Kifalme ya Kijiografia wapelelezi Burton na Speke walipotoka Zanzibar mwaka 1857 kuelekea Ziwa Tanganyika, na alikuwa tena kwenye kiti hicho mwaka 1864 Samuel Baker alipoyaona maporomoko ya Nile na kumpa yeye heshima. Idi Amin aliyabandika jina la Kabalega, mfalme wa Bunyoro, kisha jina la kwanza likarudi. Murchison mwenyewe hakuwahi kukanyaga huko. Dudley alifika.

Tulikuwa tumefika mahali ambapo ukuta wa machimbo umemomonyoka na kumwaga vifusi hadi njiani. Sheria ya hapa ni nyepesi kueleweka: nyundo marufuku, kuchokonoa ukuta marufuku, kilichoanguka chenyewe unaweza kukiokota, kwa kiasi. Manyunyu yalikuwa yameanza. Shemeji alivuta kofia ya koti, lakini kwa visukuku manyunyu ni neema, maana jiwe likikauka ni kijivu mtupu, likilowa kila kilichomo kinajitokeza.

Mpwa wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchuchumaa. Anasoma shule ya msingi, Kiswahili chake ni cha nyumbani, na macho yake yako karibu na ardhi kuliko yetu.

"Mjomba, hizi ni shanga?"

Zilikuwa krinoidi, au tuseme vipande vyao. Krinoidi ni mnyama wa ukoo mmoja na kiti cha pweza na jongoo bahari, ila huyu alisimama juu ya shina, akafungua mikono yake majini kunasa chembe za chakula. Shina lake lilipangwa kwa vibapa vya duara, kila kimoja na tundu katikati, na alipokufa nyama iliyovishikilia ilioza vikasambaa. Kiganjani mwa mtoto kulikuwa na vibapa kadhaa, kikubwa chake kikitoshana na kitufe cha shati. Tundu la kimoja lilikuwa na ncha tano. Ukoo mzima huo unapenda tano. Hata kiti cha pweza cha Mikindani kina mikono mitano.

Chini ya vifusi hivyo nilitoa bamba la upana wa sinia ndogo, nikaliweka gotini nikalifuta kwa kiganja. Hapo ndipo safari iliponilipa.

Katikati kulikuwa na Favosites, tumbawe ambalo uso wake wote ni vyumba vidogo vya pembe nyingi vilivyobanana bila kuacha nafasi. Kando yake, mstari wa matundu yaliyounganika ukipindapinda: huyo ni Halysites, tumbawe la mnyororo. Nyuzi nyembamba zenye vitobo vya kuonekana kwa shida zilikuwa brayozoa, makoloni ya wanyama wadogo kuliko punje ya mchele. Na pembeni kabisa, limelala kiubavu, gamba lenye mistari ya miale ya brakiopodi. Si chaza, ingawa mtu wa pwani atasema chaza. Ndani hakuwa na nyama ya kumtosha mlaji, bali utepe uliojikunja wenye nyuzi za kuchujia chakula, na gamba lake la juu halifanani na la chini.

Juu ya gamba hilo kulikuwa na tumbawe jingine, la vijirija vya mdomo mdogo lililotambaa kutoka mgongoni kuelekea ukingoni. Nililigeuza jiwe kwenye mwanga. Ukingoni, pale magamba mawili yanapokutana, vijirija vilikoma. Havikuvuka. Tumbawe linalotambaa juu ya gamba la maiti halina sababu ya kusimama mpakani. Linaendelea hadi upande wa pili na kuyafunga magamba kwa pamoja. Likikoma palepale mlangoni, yaelekea mwenye nyumba alikuwa hai, akifungua na kufunga, na mpangaji akajipanga pale mkondo wa maji ya mwenyeji unapopita, ale chakula asichokitafuta. Jiwe kimya, na ndani yake habari za mpangaji na mwenye nyumba.

Habari za aina hiyo ziko nyingi katika miamba ya wakati huu. Kuna konokono, wa kundi la Platyceras na jamaa zake, ambao wamekutwa wameng'ang'ania juu ya krinoidi, pale panapotoka kinyesi. Walikula kinyesi hicho. Konokono alikua akifuata umbo la mwenyeji wake, ukingo wa gamba lake ukajikata sawasawa na mahali alipokaa, maana hakuhama. Mpwa wangu alicheka mpaka akakaa kwenye tope. Nadhani hiyo ndiyo sehemu ya somo itakayobaki.

Nilipolitazama bamba lile upya nikaona nyumbani, na hapa panahitaji uangalifu. Haya matumbawe si babu wa matumbawe yetu. Kundi zima la akina Favosites na Halysites, na lile la ndugu zao wa umbo la pembe, yalikuwa yamefutika kabisa, pamoja na trilobaiti wa mwisho, yapata miaka milioni 252 iliyopita, katika maangamizi makubwa kuliko yote ambayo viumbe wa baharini wamewahi kupitia. Matumbawe ya leo ni ukoo mwingine, uliokuja kujenga baadaye. Krinoidi, majirani wa bamba langu, bado wana jamaa ambao mvuvi wa Bahari ya Hindi anaweza kukutana nao: wale wasio na shina, wenye mikono ya manyoya, wanaoshikilia mwamba na kutandaza mikono usiku.

Na bado mahali penyewe palikuwa pa kufanana. Kipande cha ardhi ambacho baadaye kilikuja kuwa Uingereza ya kati kilikuwa kusini mwa ikweta wakati huo, chini ya bahari ya joto na ya kina kifupi. Nchi kavu ilikuwa karibu tupu; mimea iliyokuwepo ilikuwa vijiti vya kimo cha kidole, hapakuwa na mti hata mmoja duniani. Dunia ilizunguka upesi zaidi, kwa hiyo mwaka ulikuwa na siku zaidi ya 400. Hilo la siku lilithibitishwa na matumbawe yenyewe: mwaka 1963 John Wells alihesabu mistari myembamba ya ukuaji kwenye matumbawe ya Devoni, kipindi kinachofuata Siluri, akapata takriban 400 kwa mwaka.

Kwa upande wa mbele kilima kinaonyesha kitu ambacho hakihitaji kioo cha kukuzia. Ukuta mpana wa jiwe umeinama kwa mteremko mkali, na uso wake wote umejaa viwimbi, mgongo na bonde, mgongo na bonde, kutoka chini hadi juu. Ni mchanga wa chokaa uliopangwa na mawimbi. Kila mtoto wa pwani ameukanyaga mchanga wa namna hiyo maji yakitoka. Ulikuwa umelala chali. Mabara yalipogongana, mamilioni ya miaka baada ya bahari kuondoka, matabaka yalikunjwa yakawa kuba, na machimbo yakaja kukata ubavu wa kuba hilo. Shemeji alisimama mbele ya ukuta ule muda mrefu, mikono mfukoni.

"Hapa ningeweza kutembea pekupeku," alisema.

Kilichonishangaza zaidi kilikuwa chembamba, na tungekipita. Kati ya vipande vya chokaa kuna mistari ya udongo laini, wa rangi ya kijivu iliyofifia, mingine haina unene wa kidole. Ni majivu ya volkano yaliyoanguka baharini. Ndani yake mna chembe za zirkoni, ambazo urani yake inageuka risasi kwa mwendo usiobadilika, na kutoka kwenye mstari mmoja wa kilima hiki ndiko ulikopimwa umri ule wa milioni 428. Kwa wakazi wa sakafu, majivu hayo yalikuwa msiba wa mchana mmoja. Kwetu ni saa.

Upande wa Herefordshire, kusini-magharibi ya hapa, majivu ya karibu wakati huohuo yalifanya kubwa zaidi. Yaliwazika wanyama wadogo wangali na nyama yao, na mwili ulipooza nafasi yake ikajaa madini kabla udongo haujaporomoka. Mwaka 1996 Derek Briggs pamoja na David na Derek Siveter, ndugu pacha, waliwatangaza kwa ulimwengu. Kuwatoa kwenye jiwe hakuwezekani. Kinachofanyika ni kulisaga jiwe ngazi kwa ngazi, kila ngazi nyembamba kuliko unywele, kulipiga picha, kulisaga tena, hadi limekwisha kabisa. Kisha kompyuta inaziunganisha picha na kumfufua mnyama, na miguu yake, matamvua yake, hata viungo vya uzazi. Kisukuku chenyewe kimekuwa vumbi. Nimelifikiria sana jambo hilo na ninaliunga mkono, ila sijui kama ningekuwa na mkono wa kushika msasa.

Tulizunguka hadi upande ambako tabaka la juu la chokaa linaishia. Juu yake kuna mwamba mwingine, wa matope yaliyogandamana, unaovunjika kwa kidole. Mpwa wangu alitafuta shanga zake hapo akakosa, akalalamika. Matumbawe hakuna, krinoidi ni wa kubahatisha. Bahari iliongezeka kina, matope yakaja, mwanga ukapungua chini, na waliokuwa wakijenga hawakuweza kupanda kwa kasi ya maji.

"Kwa hiyo hawakuuawa na chochote," shemeji alisema. "Maji tu yamewazidi."

"Maji na matope."

Alitikisa kichwa, akaangalia saa, akauliza kama chokaa hii iko mahali pengine au ni hapa tu. Nikamweleza kwamba inajitokeza tena Shropshire, ukingo mrefu wa Wenlock, na ndiko ilikopata jina lake katika vitabu. Ni mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari. Mpwa wangu aliruhusiwa kuchukua kibapa kimoja, akachagua chenye ncha tano, na bamba la sinia nililirudisha kwenye kifusi, uso wake ukiangalia chini ili baridi isilibandue.

"Jumapili sina safari," shemeji alisema, tukashuka kwenda kituoni.